Stereoskopu ya kadibodi ni nini, na mkusanyaji hutazama nini?

Stereoskopu ni kifaa cha kutazamia picha mbili zinazokaribia kufanana, kila jicho na yake, ili uzione kama picha moja yenye kina. Jina limetoka katika Kigiriki: stereos, kitu kigumu chenye umbo, na skopein, kutazama.

Simamisha kidole mbele ya pua. Fumba jicho la kushoto, kisha lifumbue na ufumbe la kulia. Kidole kinaruka! Macho yameachana kwa takriban sentimita 6, kila moja linakiona kwa upande wake, na tofauti hiyo ndiyo inayouambia ubongo kipi kiko karibu na kipi kiko mbali. Charles Wheatstone wa Uingereza alilieleza jambo hili mwaka 1838, akitumia vioo. David Brewster akaja na lenzi, na mwaka 1861 daktari Mmarekani, Oliver Wendell Holmes, akabuni stereoskopu nyepesi ya kushika mkononi. Hakutaka hataza, hivyo kila fundi aliweza kuitengeneza.

Hiyo ya Holmes ilikuwa ya mbao. Kadibodi ilikuwa kwenye picha zenyewe: jozi iliyobandikwa juu ya kadi ya kama sentimita 9 kwa 18. Baadaye zikaja stereoskopu za kukunja, kadibodi tupu na lenzi mbili, zilizouzwa zikiwa bapa pamoja na picha zake. Mtoto akizichezea wiki mbili, zimekwisha. Ndiyo maana leo kupata iliyo nzima ni bahati, na mimi naithamini kuliko ya mbao iliyopakwa vanishi.

Cha kwanza kutazama ni mkunjo. Ifungue taratibu ukiielekeza dirishani; mwanga ukipenya kwenye mstari, karatasi imeshakatika ndani hata kama kwa nje inaonekana salama. Usiizibe kwa selotepu, kwa sababu gundi yake hugeuka manjano na kuingia kwenye kadibodi, na haitoki tena. Kisha weka kadi utazame. Jozi ikiwa imebandikwa kinyume, ya kulia kushoto, kina hupinduka: kilicho mbele huzama nyuma.

Hata Google Cardboard, stereoskopu ya kadibodi ya kuingizia simu badala ya kadi, iliyotoka mwaka 2014, imeingia kundi la vitu vya mkusanyaji, maana Google iliacha kuiuza mwaka 2021. Toleo la kwanza lina sumaku ubavuni, ndiyo kitufe chake: ukiiteremsha, simu inahisi. Toleo la 2015 halina sumaku, lina kitufe cha kubonyeza juu. Sumaku hiyo ndiyo hupotea kwanza, kwa hiyo ukiletewa ya 2014, ipapase ubavuni kabla ya kutoa pesa.

Ukishainunua, ihifadhi ikiwa bapa, mahali pakavu, na karatasi safi katikati ili lenzi zisisuguane.