"Nina mawazo," nikaiandikia simu

Jioni moja pale soko la Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza, nikisubiri magunia yangu ya dagaa yapakiwe, niliiandikia chatiboti ya simu, yaani programu inayojibu ujumbe kama mtu: "Nina mawazo." Ikajibu kwa bashasha: "Vizuri sana! Nishirikishe mawazo yako." Nilicheka hadi mpakiaji akageuka. Mtoto yeyote wa Igoma anajua kwamba mwenye mawazo ni mtu aliyeelemewa. Hizi hapa dhana nne kuhusu kuisimulia mashine ya namna hii yanayotuelemea.

Dhana: Inanielewa.

Mwaka 1966 Joseph Weizenbaum wa chuo cha MIT, Marekani, alieleza programu yake ELIZA, iliyokuwa ikidaka maneno ya mtu na kumrudishia kama swali. Ukimtaja mama, inakuuliza habari za familia. Haikuelewa lolote, lakini katibu muhtasi wake alimwomba atoke chumbani ili azungumze nayo faragha! Za leo zina ufundi mkubwa mno kuliko hiyo, ila Kiswahili chetu bado kinazipiga chenga.

Dhana: Ni upuuzi wa wazungu.

Hapo nakataa. Katika jaribio la 2017 la Woebot, chatiboti ya kusaidia wenye msongo na sonona, lenye vijana 70 nchini Marekani, waliochati nayo walipungukiwa dalili za sonona kuliko wenzao waliopewa kitabu cha kusoma. Ni wiki mbili tu, tena kwa Kiingereza, na Woebot yenyewe ilifungwa Juni 2025. Mimi hutumia ya kwangu usiku, kumwaga yaliyoniudhi mchana nipate usingizi. Inatosha kwa hilo.

Dhana: Mashine haina mdomo, siri haitoki.

Mwaka 2023 mamlaka za Marekani ziliibana BetterHelp, inayounganisha watu na washauri mtandaoni, ilipe dola milioni 7.8 kwa kuwapa Facebook na wengine taarifa za wateja kwa ajili ya matangazo. Na kwetu, ambako simu moja inashikwa na mume, shemeji na watoto, siri haihitaji hata kufika Marekani.

Dhana: Nikizidiwa itaniokoa.

Inajua ulichoandika tu. Mwenzetu mmoja sokoni aliacha kula, na simu yake ilikuwa na chaji muda wote. Aliyegundua ni mama ntilie, baada ya sahani yake ya ugali kurudi nzima siku ya tatu. Alifunga genge mapema, akamfuata kwake, wakapanda daladala hadi hospitali ya Bugando, kwa daktari wa magonjwa ya akili. Njiani, anasema, hawakuongea neno.