Bei ya mafuta ikianguka, visima havifungwi

Wengi huamini kwamba bei ya mafuta ghafi ikiporomoka, kampuni yenye madeni hufunga visima. Mara nyingi hufanya kinyume. Nchini Marekani pipa lilizidi dola 100 katikati ya 2014, likawa chini ya 50 Januari 2015, lakini uzalishaji ukaendelea kupanda hadi Aprili, takriban mapipa milioni 9.6 kwa siku.

Fedha za kuchimba kisima zimeshatoka. Tuseme pipa linauzwa dola 40, na kulitoa, kulisafirisha na kulilipia kodi ni dola 15. Zinabaki 25 za kulipa riba, na riba haisimami kisima kikifungwa. Kinachosimama ni uchimbaji mpya.

Hatari kubwa iko benki. Kikomo cha mkopo hupimwa kwa thamani ya mafuta yaliyo ardhini, kwa kawaida mara mbili kwa mwaka. Bei ikishuka, kikomo hushuka. Aliyekopa kupita hapo hurudisha ziada. Mikataba ya kuuza mafuta ya baadaye kwa bei iliyokubaliwa mapema huahirisha tu pigo hilo, kwani nayo huisha muda.

Na kufilisika? Chesapeake, kampuni ya mafuta na gesi ya Marekani, iliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai wake Juni 2020, na visima vikaendelea kutoa. Ilipotoka Februari 2021, hisa za zamani zilikuwa zimefutwa na sehemu ya wadai wakapewa hisa mpya. Kwa hiyo mwenye hisa, kabla ya kutazama bei ya pipa, tazama deni linaiva mwaka gani na nani analipwa kabla yako.