Ukiuguliwa, Lipe Kanisa Kazi

Mtu anayeuguza huliambia kanisa neno moja: "Tuombeeni." Kanisa huitikia, huomba kweli, na Jumapili inayofuata huuliza hali ya mgonjwa. Huko nyumbani nguo zimelundikana, watoto wanachelewa shule, na mwenye mgonjwa hajapata usingizi siku ya tatu sasa. Maombi si kitu kidogo, na mimi mwenyewe nayategemea. Lakini katika huduma ya wagonjwa kanisani naona kwamba waumini wengi wana moyo wa kusaidia, ila hawajui washike wapi, na familia inaona haya kuwaambia. Yakobo 5:14 huwa tunaisoma kwa ajili ya mafuta na maombi, tukapita haraka mwanzo wake: anayewaita wazee wa kanisa ni mgonjwa mwenyewe. Basi ita.

Usiite kanisa zima kwa mpigo. Anza na mtu mmoja: mzee wa kanisa, shemasi, katekista au kiongozi wa jumuiya yako. Huyo ndiye atakayepokea simu, kutoa taarifa na kupanga zamu. Asiwe yule anayelala na mgonjwa, maana huyo hana nafasi hata ya kuchaji simu yake. Kabla hajatamka lolote, mwulizeni mgonjwa nini kisemwe na nini kisisemwe. Ugonjwa ni wake, na kikishatajwa madhabahuni au kwenye kundi la WhatsApp hakirudi tena. "Mwombeeni ndugu yetu aliyelazwa" inatosha kabisa kwa maombi. Jina la ugonjwa na namba ya wodi si lazima.

Kisha omba kazi yenye siku, saa, mahali na mwisho. "Tunahitaji msaada" haimpi mtu pa kuanzia. "Tunaomba mtu wa kukaa na mama Jumanne, saa 8 mchana hadi saa 12 jioni, awe na nguvu za kumgeuza kitandani" hupata mtu upesi, kwa sababu anajua atamaliza saa ngapi. Watu wengi hawaogopi kazi, wanaogopa kazi isiyo na kikomo. Saa hizo 4 ni za anayeuguza kulala au kutoka nje. Asizitumie kupika kwa ajili ya wageni.

Kosa ninaloliona zaidi ni la kalenda. Juma la kwanza nyumba hujaa watu, juma la sita hakuna anayebisha hodi, ilhali kiharusi, saratani na ugonjwa wa figo ni safari ya miezi. Mgonjwa anayesafishwa damu kwa mashine kwa kawaida huenda mara 3 kwa juma, na kila mara hukaa hapo takribani saa 4. Hizo ni safari kama 13 kwa mwezi, kwenda na kurudi. Dereva mmoja atachoka, na atanyamaza kwa aibu badala ya kusema. Madereva 4 watagawana safari 3 au 4 kila mmoja na wote watabaki. Kwa hiyo watu 10 wakijitolea siku ya kwanza, wasitumike wote juma hilo. Wapangeni kwa majuma 12, na kila zamu iwe na mtu wa akiba.

Kumtazama mgonjwa nako kuna utaratibu wake. Waingie watu 2, wakae dakika 15, wanawe mikono kwa sabuni kwa sekunde 20 kabla ya kumgusa. Mwenye mafua, kikohozi au tumbo la kuhara aombe kwa simu. Anayetibiwa saratani kwa dawa za kemikali mara nyingi huwa na kinga dhaifu zaidi kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya dozi, na siku hizo wageni wapunguzwe sana. Marafiki wa Ayubu walikaa naye siku 7 bila kusema neno, na hapo walifanya vema. Mambo yaliharibika walipoanza kumweleza kwa nini anaumwa.

Kwenye upako, mafuta yasipakwe karibu na mrija wa oksijeni, wala mshumaa usiwashwe chumba hicho. Oksijeni hufanya moto ushike na kuenea haraka mno, na mafuta huongeza hatari. Kwa Wakatoliki, msisubiri hadi pumzi ya mwisho ndipo mumwite padre: Mtaguso wa Pili wa Vatikano, yaani mkutano mkuu wa maaskofu wa Kanisa Katoliki, ulisema wazi mwaka 1963 kwamba Mpako wa Wagonjwa si wa walio kufani tu. Mwiteni mapema, mgonjwa akiwa bado anaweza kuitikia sala.

Fedha za mchango zishikwe na watu 2, ziandikwe, na zilipwe moja kwa moja hospitalini kwa risiti ambayo familia itapewa nakala. Zikipitia simu ya mtu mmoja, hata awe mwaminifu kiasi gani, minong'ono itaanza na mchango wa pili hautakuja.

Kama huna kanisa bado, au ni mgeni, muulize kiongozi: "Nani hapa hutembelea wagonjwa, na mara ya mwisho alikwenda lini?" Kanisa linalopokea watu litakutajia mtu na siku. Ukiambiwa mgonjwa aache dawa, atoe sadaka ndipo apone, au afunge huku anachoma insulini, ondoka. Insulini bila chakula hushusha sukari hadi mtu kuzimia, na inaweza kumuua.

Na zamu zisikatwe siku ya kuruhusiwa. Watu hushukuru Mungu na kurudi makwao siku hiyohiyo ambayo wauguzi wametoweka na dawa zote zimeachiwa familia. Ombeni zamu za usiku kwa majuma 2 ya kwanza nyumbani. Karibu na kitanda bandikeni karatasi yenye majina ya dawa, saa zake, namba ya hospitali, na jina la aliye zamu usiku huo.