Zamu hushikwa

Juzi mpwa wangu alikuja na kompyuta mpakato kwapani, akaketi nami barazani, akafungua Civilization VI, mchezo wa kompyuta wa kujenga dola kwa zamu. "Mjomba," akasema, "nimeshapitisha zamu 62. Jirani ana miji mitano, mimi ninao mmoja. Gemu hii inapendelea." Nikamwomba anionyeshe. Skauti wake, yule anayetumwa kuivumbua ramani, alikuwa amelazwa kando ya mlima, hana amri, tangu zamu ya 37. Mji ulikuwa unajenga ghala. Na muda wote tuliokuwa tukizungumza, kidole chake kilikuwa kikirudi kwenye Enter, kama mtu anayebonyeza kitufe cha lifti akidhani itafika upesi.

Ghala sikulisemea. Kilichonikera ni hilo "nimepitisha". Nimelisikia mara nyingi mno kwa vijana wanaoanza michezo ya kujenga dola: "pitisha zamu tu", "zamu bado ziko nyingi", "gemu za zamu ni gemu za kungoja". Mwenye kulielewa neno hili vibaya atacheza vibaya, hata akikariri mashauri yote ya wajuzi. Kwa hiyo tulitazame.

Maana yake ni fupi. Zamu ni kipande cha wakati ambamo mchezaji anaamuru kila kilicho chake: miji, watu, utafiti, jeshi. Akimaliza anaifunga, mchezo unapiga hesabu zake, inafunguliwa nyingine. Mchezo wa zamu ni ule ambao saa yake inakungoja uamuru. Mengine yote ni matawi.

Shina lenyewe ndilo linalonivutia. Neno zamu limetufikia kutoka Kiarabu cha mabaharia. *Zām* ilikuwa kipindi cha ulinzi chomboni cha muda wa saa tatu, vipindi nane kwa siku moja na usiku wake. Jahazi linalokuja na kaskazi kutoka Uarabuni halina usiku wa kulala wote. Lazima pawe na mtu kwenye usukani, na mwingine anayetazama tanga na nyota, na saa tatu zao zikiisha wanaamshwa wenzao. Mwenye zamu yuko kazini. Akisinzia, chombo kinakwenda kinakotaka, na atakayeamshwa baada yake atapokea kosa lililokwisha kufanyika.

Maana hiyo ya kazi imebaki nasi mpaka leo, ndiyo maana tunasema mwalimu wa zamu, nesi wa zamu, askari wa zamu. Hakuna anayemwelewa nesi wa zamu kuwa ni nesi anayesubiri kwenye benchi. Ni yule ambaye mgonjwa akizidiwa saa nane za usiku, ndiye wa kuamka. Na Kiswahili kimetupa kitenzi chake: zamu *hushikwa*. Askari ameshika zamu. Mwenzake akija, anaipokea. Anayeiacha ipite tu anaulizwa asubuhi.

Kuna upande wa pili wa neno hilo la mabaharia ambao wengi hawaujui, nao ndio unaonifurahisha zaidi. *Zām* haikuwa kipimo cha wakati peke yake, ilikuwa pia kipimo cha umbali. Marubani wa Bahari ya Hindi, akiwemo Ahmad ibn Majid wa Julfar, aliyeandika elimu yake ya bahari katika karne ya 15, walihesabu mwendo kati ya bandari na bandari kwa idadi ya zamu. Baharini huwezi kupanga mawe ya maili. Unachokijua ni kwamba kwa upepo wa kawaida, kutoka hapa hadi kule ni zamu kadhaa.

Sasa msikilize mchezaji yeyote mzoefu. Atakwambia, "Mji wake uko zamu sita kutoka mpakani kwangu." Hataji vigae vingapi vya pembe sita, vile ramani ilivyogawanywa. Anataja zamu, kwa sababu shujaa, yaani askari wa kwanza wa mchezo, huenda vigae viwili kwa zamu, na mlima, msitu na mto humchelewesha. Bila kujua, amesema kama rubani wa miaka 500 iliyopita. Wakati na umbali vimekuwa kitu kimoja mkononi mwake, na hapo ndipo mtu anapoanza kuuona mchezo.

Kosa la kupitisha limeingiaje? Nadhani ni kwa njia ya tafsiri. Waingereza wanasema *turn*, neno ambalo mizizi yake ni kugeuka na kuzungusha, tangu Kilatini, kwenye chombo cha fundi cha kukerezea mbao. Ukilifikiria hivyo, unaona gurudumu: limezunguka, limekufikia, limekupita. Au foleni ya benki: nangoja, naitwa, naondoka. Katika foleni hiyo mtu akikosa nafasi yake hapotezi kitu ila subira. Ndiyo maana kijana anaona zamu isiyo na la maana ni ya kubonyezwa ipite.

Lakini hiyo picha ya foleni haisimami hata ndani ya michezo yenyewe. Chukua Freeciv, mchezo wa bure ulioanzishwa na wanafunzi watatu wa Denmark, ukatoka 1996, ambao hata kompyuta ya zamani inaumudu. Humo, kwa kawaida, wachezaji wote huamuru kwa pamoja katika zamu ileile. Hakuna anayemngoja mwenzake ainuke kwenye kiti. Civilization nayo, ukiicheza na wenzako kwenye mtandao, inaweza kupangwa hivyohivyo. Kama zamu ingekuwa ni kupokezana tu, michezo hiyo isingekuwa ya zamu. Ni ya zamu kwa sababu kuna kipindi kilichopimwa, na kila mlinzi yuko kwenye chombo chake.

Wala tusiichanganye na raundi. Katika mchezo wa kupeana nafasi, raundi ni mduara mzima, wote wamecheza mara moja. Zamu ni yako. Mtu akiniambia "raundi ya 62" namwelewa, simgombezi. Akiniambia amezipitisha, hapo namshika mkono.

Wazee wetu kwenye bao wangelielewa hili bila maelezo. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64. Kila mmoja anaanza na kete 10 ubaoni na 22 mkononi, na katika kunamua, hatua ya kwanza ya mchezo, anaingiza kete moja kila zamu. Maana yake una zamu 22 za kunamua, hazizidi. Mchezaji mzuri anajua zimebaki ngapi kama anavyojua vidole vyake. Kisha zamu yenyewe haina urefu maalumu: unakula, unasambaza, unaendelea mpaka kete yako ya mwisho iangukie shimo tupu, ndipo *unalala*. Aliyehesabu vizuri anaweza kuzunguka ubao kabla ya kulala. Aliyecheza kwa pupa analala palepale. Wote wawili wametumia zamu moja.

Nirudi kwenye dola. Angalia kioo cha Civilization kwa makini na utaona kwamba karibu kila kitu kimeandikiwa bei kwa zamu. Mlowezi, yule anayekwenda kuanzisha mji mpya, zamu 16. Kutafiti uandishi, zamu kadhaa. Mji kuongeza mtu mmoja, zamu kadhaa. Dhahabu ni fedha ya pili, zamu ndiyo ya kwanza. Kwa mwendo wa kawaida una zamu 500 hadi mchezo ufungwe kwa hesabu ya alama, nazo zinaanza kutumika tangu mwaka 4000 kabla ya Kristo, mwanzoni miaka 40 kwa kila moja. Skauti wa mpwa wangu, aliyelala kuanzia zamu ya 37 hadi ya 62, alilala miaka 1,000.

Hesabu ya mlowezi ni rahisi, na kila anayeanza aifanye kwa mkono walau mara moja. Mlowezi wa kwanza hugharimu uzalishaji 80. Mji wako ukitoa 5 kwa zamu, atachukua zamu 16. Fungua mji, tazama raia wako wanafanya kazi kwenye vigae gani. Ukimhamisha mmoja kutoka kwenye nyasi kwenda kwenye kilima chenye miti, ukafikisha 8, mlowezi huyohuyo anatoka kwa zamu 10. Umeokoa zamu sita kwa kubonyeza mara mbili, bila dhahabu, bila vita. Mji utakua polepole kidogo kwa muda huo, na hilo si neno, kwa sababu mlowezi akitoka anaondoka na mtu mmoja wa mji, nao haumtoi kabla haujafika watu wawili. Kazi ya zamu ndiyo hii hasa: kufungua, kutazama, kuhamisha, kufunga. Mara nyingi haichukui nusu dakika.

Kuna zamu ambazo kweli huna la kuamuru, hasa mwanzoni, ukiwa na mji mmoja na shujaa mmoja. Hizo nazo unazishika kwa kutazama. Skauti wa wavamizi akiuona mji wako atakimbia kurudi kambini kwao, na ukimwacha afike, kundi litakuja. Mpiga kombeo wako akimuua adui mmoja, elimu ya upinde inakuwa rahisi zaidi. Ukikutana na taifa jingine, uandishi unakuwa rahisi zaidi. Hakuna hata kimoja kati ya hivi kinachompata aliyelaza watu wake.

Tukakubaliana na mpwa wangu asiuanze mchezo upya. Nilimwomba amwamshe tu yule skauti na amzungushe upande wa pili wa mlima. Zamu ya kwanza, msitu. Ya pili, mto. Ya tatu ikafunguka pwani, na pwani hapo ulikuwa mji huru wa Zanzibar, mji usio wa mchezaji yeyote, ambao katika mchezo huu ndio wenye mdalasini na karafuu, bidhaa mbili ambazo zisingepatikana kwenye ardhi yoyote ya ramani. Anayefika wa kwanza kwenye mji huru hupewa mjumbe wa bure. Mpwa wangu hakupewa. Kuna aliyemtangulia.

Akanyamaza, akairudisha picha nyuma mpaka kwenye mlima, akahesabu kwa kidole. "Mjomba, ilikuwa zamu tatu tu kutoka pale."

Nikamwambia hapo amelitumia neno sawasawa, vile walivyolitumia waliotuletea. Limebaki jambo moja dogo: ukiulizwa umefika wapi, usiseme umepitisha zamu 65. Sema umezishika, hata kama kwa hizi za leo ni tatu tu.