Umempenda mahabusu wa kesi ya mauaji? Soma hii kabla hujaenda kuapa mahakamani

Kesi ya mauaji Tanzania haina dhamana, kwahiyo mtu akishashtakiwa hapa Mwanza anakaa gereza la Butimba mpaka kesi iishe na inaweza kula miaka, maana inaanzia kwa hakimu ambaye hana mamlaka ya kuisikiliza, inatajwa tu kila baada ya wiki 2 hivi, upelelezi haujakamilika, jalada liko kwa DPP (mkurugenzi wa mashtaka), mpaka siku iende Mahakama Kuu. Katikati ya hiyo miaka ndo yanazaliwa mapenzi tunayokutana nayo sisi watu wa ustawi wa jamii. Mengine hayakuwepo kabisa kabla ya kesi, yaani binti kaenda kusikiliza kesi ya ndugu yake, akamuona kaka wa watu anashuka kwenye karandinga na pingu zake, shati limenyooka (mahabusu hawavai sare za wafungwa, wanavaa nguo zao), wakaangaliana, basi.

Mwanasaikolojia John Money alishalipa jina hili jambo, haibristofilia, yaani kuvutiwa kimapenzi na mhalifu, ila usikimbilie kujipachika ugonjwa. Mwanaume aliyeko ndani ana muda wote wa kukusikiliza, harudi usiku amelewa, simu yake hujaikuta na meseji za mwanamke mwingine, na barua anaandika vizuri kuliko yeyote uliyewahi kuwa nae. Tabia zake nyingine huzioni, unazijazia mwenyewe. Halafu kuna woga, na woga unadundisha moyo kama mapenzi yanavyodundisha, mwili hauko makini sana kutofautisha.

Tuwe wakweli, mtuhumiwa sio muuaji. Katiba ibara ya 13(6) inasema hivyo na wapo wanaoachiwa huru kabisa, kwahiyo sitakwambia umuache. Nakwambia angalia anaomba nini.

Akiomba hela ya wakili, jua kwamba kesi ya mauaji ikifika Mahakama Kuu asiye na uwezo anapewa wakili, serikali inalipa. Akiomba mfunge ndoa haraka haraka kabla ya kesi kusikilizwa, muulize kwanini sasa hivi. Sheria yetu ya ushahidi kwa kawaida haimlazimishi mke kutoa ushahidi dhidi ya mumewe, na huko ndani wapo wanaoijua hiyo sheria kuliko sisi. Marekani Ted Bundy, mshtakiwa wa mauaji, alimuoa Carole Ann Boone mwaka 1980 hapohapo mahakamani, dada wa watu akiwa kizimbani kama shahidi, anaamini jamaa hana hatia. Wakaachana 1986. Mwaka 1989, siku chache kabla ya kuuawa kwenye kiti cha umeme, Bundy akakiri kuua watu 30.

Ombi linalonitisha zaidi linakuja taratibu. Haanzi na "nidanganyie", anaanza na "unakumbuka ile siku mvua ilinyesha, si nilikuwa kwako?" Unasema sikumbuki. Wiki inayofuata anauliza tena, anaongeza dagaa mlizokula, umeme ulivyokatika. Dada mmoja (nimebadilisha mambo ili asijulikane) ilifika mahali na yeye akaanza kuiona kabisa ile mvua juu ya bati, akaandikisha maelezo polisi kwamba jamaa alilala kwake Igogo, na wala hakujiona muongo. Kumbukumbu ndo zilivyo, ukirudiarudia kitu na mtu unayempenda, kichwa kinakuchorea picha. Ila rekodi za simu haziko kwenye mapenzi, zikaonyesha usiku ule simu ya jamaa ilikuwa inasoma mnara wa ng'ambo ya ziwa, Sengerema.

Ukiapa ukasema uongo mahakamani ni kosa la jinai lako wewe, sio lake, na unaweza kufungwa. Na upande wa pili wa chumba amekaa mama wa marehemu anakuangalia.

Kama hulali, huli, umeuza vitu vya ndani au umegombana na ukoo mzima kwa sababu yake, nenda hospitali ya Bugando uulizie kliniki ya afya ya akili, au muone afisa ustawi wa kata yako, hatuchukui mambo yako kuyapeleka polisi kwa sababu tu umempenda mtu. Kama ulishaandikisha maelezo ambayo sasa hivi huna uhakika nayo, tafuta wakili wako mwenyewe au watoa msaada wa kisheria, asiwe wakili wake yeye, na uende kabla hujaitwa kuapa.