Bastola ya Kwanza ya Binti: Yanayosemwa na Ukweli Wake

Binti amemaliza chuo. Sasa ndiye anayefunga duka la dhahabu jioni, ndiye anayepeleka mauzo ya siku benki, na baba yake hapati usingizi. Anaanza kuulizia bastola. Mimi ninamiliki silaha kwa kibali, nalenga shabaha kama mchezo, na nimewasindikiza uwanjani wazazi kadhaa wa hapa Mombasa na mabinti zao. Mara nyingi mzazi huja na jibu lake tayari: anajua aina, anajua ukubwa, anajua hata rangi. Binti mwenyewe hajaulizwa. Naandika kwa sababu mengi ya majibu hayo si kweli, na katika jambo hili kosa moja linaweza kuchukua roho.

"Nina kibali, kwa hivyo binti yangu ataitumia yangu"

Kibali ni cha mtu, si cha nyumba. Sheria ya Silaha, Sura ya 114, inamkataza yeyote kununua au kuwa na silaha au risasi bila cheti chake mwenyewe, na cheti hicho kinataja silaha yenyewe na kiasi cha risasi anachoruhusiwa kuwa nacho. Baba akisafiri Nairobi na kumwachia binti bastola dukani kwa siku moja tu, binti amevunja sheria, na baba naye amehatarisha cheti chake. Ni hivyo hivyo kwa mume, kaka na ami.

Kwa hivyo anayeomba ni binti. Maombi yake huamuliwa na Bodi ya Utoaji Leseni za Silaha, na safari huanza na mambo ya kawaida: alama za vidole, cheti cha tabia njema, sababu inayoeleweka ya kutaka silaha. Wako wanaodhani kwamba akishatimiza miaka 18 na kupata kitambulisho basi ana haki. Katiba ya Kenya haimpi mtu haki ya kumiliki silaha. Ni ruhusa, huhuishwa, na Serikali iliyoitoa inaweza kuichukua. Waliokuwa na vyeti Desemba 2018 wanakumbuka: wenye silaha wote nchini waliamriwa kwenda kuhakikiwa upya, hata waliokuwa nazo kwa miaka mingi.

Yule anayekunong'oneza kwamba anayo ya haraka, isiyo na karatasi, anamtafutia mwanao jela.

"Msichana anunuliwe ndogo na nyepesi"

Hili ndilo nalolisikia zaidi, na limewafanya mabinti wengi wakachukia kulenga shabaha siku ya kwanza. Mshtuko unaorudi mkononi hutokana na risasi. Risasi ile ile ikifyatuliwa kutoka kwenye bastola nzito, uzito wa chuma humeza sehemu kubwa ya mshtuko. Ikitoka kwenye bastola nyepesi, kiganja ndicho kinachobeba. Wimbi linalorusha ngalawa hulitikisa jahazi kidogo tu. Isitoshe, bastola ndogo ina mpini mfupi, kidole cha mwisho hukosa pa kushika, na vilengeo vyake viko karibu karibu mno hivi kwamba kosa dogo la jicho huwa kosa kubwa kwenye shabaha.

Kuna jambo jingine ambalo wauzaji wengi hawalielezi. Ili risasi ya kwanza iingie chemba, yaani tundu la nyuma ya mtutu risasi inapokaa, lazima uvute slaidi, lile gamba la chuma la juu, mpaka mwisho kisha uliachie. Bastola nyingi ndogo za kaliba (kipimo cha risasi) ya .380 hutegemea uzito wa slaidi na springi ngumu peke yake ili slaidi isirudi mapema. Bastola za wastani za milimita 9, nyingi zake, hufungamanisha mtutu na slaidi kwa muda mfupi risasi inapotoka, kwa hivyo springi yake haihitaji kuwa ngumu kiasi hicho. Ndiyo maana kubwa huweza kuvutika kwa urahisi kuliko ndogo.

Niliyaona haya uwanjani, upande wa Bamburi. Binti mwembamba, mwenye mikono midogo, alikuwa amechaguliwa na baba yake kijibastola kinachoenea kiganjani.

"Baba, hairudi," alisema.

"Vuta kwa nguvu, mama."

Alivuta kwa ncha za vidole viwili mpaka kucha zikageuka nyeupe. Haikurudi. Tukampa ya wastani, ya milimita 9, tupu. Nikamwonyesha: ishike slaidi kutoka juu kwa kiganja kizima, si kwa ncha za vidole, kiwiko kiwe karibu na mbavu, kisha usiivute slaidi, usukume mpini mbele kwa mkono wa kulia. Mtutu wakati wote uelekee kwenye kichuguu cha mchanga. Ilifunguka mara ya kwanza. Baba yake bado alitaka ile ndogo. Binti alikataa, kwa adabu, lakini alikataa.

Anapochagua, aiombe bastola iliyothibitishwa kuwa tupu na ajipime nayo. Nyuma ya mpini, juu kabisa, ikae kwenye bonde lililo kati ya kidole gumba na cha shahada, na mtutu unyooke sawa na mkono wake. Nyama ya ncha ya kidole cha shahada ifike kwenye kifyatulio bila kuupindua mpini. Aweze kubonyeza kitufe cha kutoa magazini (kasha la risasi linaloingia ndani ya mpini), kufunga slaidi ikiwa wazi na kujaza magazini kwa mkono wake mwenyewe. Moja ya haya ikimshinda, hiyo si yake, hata ingekuwa ya bei gani. Bastola nyingi za sasa zina vipande vya kubadilisha nyuma ya mpini ili uendane na mikono midogo, kwa hivyo asikate tamaa kwenye ya kwanza.

Apimwe pia jicho. Anyooshe mikono yote miwili, aache tundu dogo katikati ya viganja, atazame kupitia hapo kitu kilicho mbali, kisha afumbe jicho moja moja. Linaloendelea kukiona ndilo analolengea. Wako watu wa mkono wa kulia wenye jicho la kushoto, na huhangaika miezi wakidhani hawana kipaji.

Kuhusu majina: wengi wetu Kenya tukisema Ceska, jina la kampuni ya Ucheki inayotengeneza bastola za CZ, tunamaanisha bastola yoyote. Zile za chuma kitupu kama CZ 75 hukaribia kilo moja, na kwa kujifunzia ni tulivu sana mkononi. Glock 19, yenye mpini wa plastiki ngumu, ni kama gramu 600 ikiwa tupu, huchukua risasi 15, na kwangu huo ndio ukubwa wa kuanzia kwa mtu mzima mwenye mkono wa kawaida. Lakini mimi si mkono wa binti yako.

"Rivolva haina mambo mengi, mpe hiyo"

Rivolva, bastola ambayo risasi zake hukaa kwenye kasha la duara linalozunguka, haina slaidi wala magazini, hilo kweli, na ukiifungua unaona risasi zote kwa jicho. Lakini tazama kinachouzwa kama "ya wanawake": rivolva fupi ya aluminiamu, gramu 400 na kidogo, risasi tano. Kifyatulio chake kinahitaji nguvu ya kilo tano au zaidi kila unapokivuta, na safari yake ni ndefu. Kifyatulio cha Glock ya kawaida ni kama nusu ya hiyo. Mwanafunzi akivuta uzito huo kwa kidole kimoja, mtutu wote hutikisika. Ongeza mshtuko wa silaha nyepesi kiasi hicho, utaelewa kwa nini wengi huiogopa baada ya risasi kumi. Ni silaha ya mtu aliyekwisha kujua.

"Magazini ikishatoka, haina kitu"

Kama kuna aya moja ya kumsomea binti yako kwa sauti, ni hii. Magazini ikitoka, risasi moja inaweza kuwa imebaki chemba, na bastola nyingi hufyatua hata bila magazini. Utaratibu hauna njia ya mkato. Elekeza mtutu mahali salama, kidole kiwe nje ya kifyatulio, toa magazini kwanza, halafu vuta slaidi nyuma na uifunge wazi. Tazama ndani ya chemba. Kisha ingiza ncha ya kidole kidogo uguse, kwa sababu gizani au kwa haraka jicho hudanganya. Ukigeuza mpangilio, ukavuta slaidi kabla ya kutoa magazini, umetoa risasi moja na kuingiza nyingine.

Kila silaha ichukuliwe kuwa imejazwa. Mtutu usielekee kitu usichotaka kukiharibu. Kidole kikae nje mpaka umelenga na umeamua. Ujue shabaha yako na kilicho nyuma yake. Hili la mwisho ni zito kwa miji yetu: risasi ya milimita 9 hupita kwenye mabati na kwenye kuta za jipsamu za ofisi na fleti bila shida, na nyuma ya ukuta kuna mtoto wa jirani.

Uwanjani avae kinga ya masikio na ya macho kila mara. Mlio wa bastola ni kama desibeli 160, na unaweza kuharibu usikivu kwa risasi moja tu. Anawe mikono kabla ya kula, kwa sababu ya vumbi la madini ya risasi (ledi), ambayo ni sumu, na akiwa mjamzito asiende uwanjani.

"Ataiweka mkobani"

Mkoba huwekwa kitini kwenye tuktuk, huning'inizwa kwenye kiti mgahawani, hunyakuliwa na mtu wa pikipiki. Ndani yake mna funguo na kalamu zinazoweza kuingia kwenye kifyatulio. Silaha ikae mwilini, kwenye ala ngumu inayofunika kifyatulio chote. Kwa anayevaa buibui si rahisi, na afanye mazoezi ya kuitoa nyumbani ikiwa tupu, akiwa amevaa vile vile anavyotembea. Akiona haiwezekani, ni bora kujua hilo kabla ya kununua.

"Mwizi akikimbia na simu, anaruhusiwa kumpiga"

Hapana. Kifungu cha 17 cha Kanuni ya Adhabu kinapima nguvu ya kujikinga kwa misingi ya sheria ya Uingereza ya mapokeo: hatari iwe ipo kweli, na nguvu ilingane nayo. Anayekimbia amekupa mgongo. Simu hununuliwa nyingine.

"Binti yangu yuko Marekani, huko ni dukani tu"

Familia nyingi za Mombasa zina watoto huko, na hapa ndipo wanapoponzwa. Sheria ya shirikisho ya mwaka 1968 inamzuia muuzaji mwenye leseni kumuuzia bastola aliye chini ya miaka 21, ingawa bunduki ndefu ni 18. Kubwa zaidi: aliyeko kwa viza ya mwanafunzi, isipokuwa kwa hali chache kama mwenye leseni ya uwindaji, hakubaliwi kuwa na silaha wala risasi hata moja. Na asimwombe rafiki amnunulie kwa jina la huyo rafiki, kisha yeye amrudishie pesa. Tangu 2022 kosa hilo linaweza kumfunga mtu hadi miaka 15. Mzazi anayemtumia pesa "ajinunulie kitu cha kujilinda" anaweza kuwa anamnunulia kesi na tiketi ya kurudishwa.

"Hatari yake ni kwa mwizi tu"

Mwaka 2020 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha utafiti uliofuatilia watu wazima takriban milioni 26 wa California. Wanaume wenye bastola walikuwa karibu mara 8 zaidi ya wasio nazo kufa kwa kujiua kwa silaha. Wanawake wenye bastola, zaidi ya mara 35. Mzazi asilipite jambo hili kwa aibu. Kama binti ametoka kuachwa, amefiwa, hapati usingizi, hataki kula, au amewahi kusema hataki kuishi, bastola isubiri, na kwanza apelekwe kwa daktari. Kama tayari anayo, akubaliane na nyumba kwamba siku ngumu itatolewa mikononi mwake kwa njia halali. Kuuliza "mwanangu, u hali gani moyoni?" hakumtii mtu wazo hilo kichwani.

Na iwe na sefu iliyopigwa boliti ukutani au sakafuni, si droo wala juu ya kabati. Watoto wanajua kila mahali pa kuficha.

"Chuma ni chuma, haihitaji kutunzwa"

Mombasa hewa yenyewe ina chumvi, na jasho la mwili linaongeza. Bastola inayobebwa kila siku ifutwe kwa kitambaa chenye mafuta kidogo ya silaha kila jioni, ifunguliwe na kusafishwa baada ya kila zoezi, na risasi zilizobebwa muda mrefu zitumiwe uwanjani, zingine mpya ziwekwe. Ala ya ngozi hufyonza jasho, kwa hivyo silaha isilale ndani yake. Ilale sefuni, na vifuko vya kunyonya unyevu vibadilishwe vikishaloa.