Kanuni za jana katika maswali ya leo: dhana potofu kuhusu afya, ustawi na ulinzi wa mtoto mkoani Tabora

Sehemu kubwa ya maneno yasiyo sahihi yanayosemwa mkoani Tabora kuhusu zahanati, ofisi ya ustawi wa jamii na haki za watoto haikutungwa na wazushi. Mengi ya maneno hayo yalikuwa kweli miaka kumi au mitano iliyopita: yalitangazwa na viongozi na kutekelezwa na walimu na wauguzi, kisha waraka ukabadilika Dodoma na habari ya mabadiliko ikachelewa kufika Kaliua, Sikonge au Uyui. Ndiyo maana anayeyasema huyasema kwa uhakika, na ndiyo maana kumwita mjinga hakusaidii kitu. Linalofaa ni kumwonyesha ni kanuni ya mwaka gani aliyoishika, na ni ipi iliyokuja baada yake.

"Wazazi wakiridhia, binti wa miaka kumi na tano anaozwa bila kosa"

Hii ndiyo dhana yenye mizizi mirefu kuliko zote mkoani hapa, na takwimu zinaeleza sababu. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2010 ulionyesha kwamba asilimia 58 ya wanawake wa Tabora wenye umri wa miaka 20 hadi 24 walikuwa wameolewa kabla ya kutimiza miaka 18, mkoa ukiwa nyuma ya Shinyanga peke yake. Utafiti wa mwaka 2015/16 ulikuta asilimia 43 ya wasichana wa Tabora wenye miaka 15 hadi 19 wakiwa wamekwisha kuzaa au ni wajawazito, wakati wastani wa taifa ulikuwa asilimia 27.

Wanaoishikilia dhana hii wana andiko la kulinukuu. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, katika vifungu vya 13 na 17, ilimruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya mzazi, na hata akiwa na miaka 14 kwa idhini ya mahakama, ilhali mvulana alitakiwa kuwa na miaka 18. Mwezi Julai 2016, katika shauri lililofunguliwa na Rebeca Gyumi, mwanaharakati wa haki za wasichana, Mahakama Kuu iliamua kwamba vifungu hivyo vinakwenda kinyume na Katiba, ikaipa Serikali mwaka mmoja kuvirekebisha. Serikali ilikata rufaa, na tarehe 23 Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikaitupa rufaa hiyo na kusisitiza kwamba umri uwe miaka 18 kwa wote. Mwaka mmoja ukapita bila Bunge kuviandika upya vifungu vile, na miaka iliyofuata mjadala ukahamia kwenye ukusanyaji wa maoni.

Hapo ndipo ilipozaliwa dhana nyingine, iliyo kinyume cha ile ya kwanza, ambayo husikika zaidi mjini kwenye semina na mikutano: kwamba mahakama imekwisha kumaliza kazi, hivyo hakuna tena la kusukuma. Hukumu ni jambo moja, na maneno yaliyoandikwa kwenye kitabu cha sheria ni jambo jingine. Maadamu maneno ya zamani hayajafutwa, mzazi anayetaka kuyatumia atayatumia.

Jambo ambalo pande zote mbili hulisahau ni kwamba kwa mtoto aliye shuleni mjadala huo hauna nafasi. Marekebisho ya Sheria ya Elimu ya mwaka 2016 yalifanya kuwa kosa la jinai kumwoa au kumwoza mwanafunzi wa shule ya msingi au sekondari, na adhabu ya anayemwoa au kumpa mimba mwanafunzi ni kifungo cha miaka 30. Anayesaidia au kushawishi ndoa hiyo, awe mjomba, mshenga au mzazi mwenyewe, anaweza kutozwa faini isiyopungua shilingi milioni tano, au kufungwa miaka mitano, au vyote viwili. Ridhaa ya baba haitajwi kama kinga. Kwa hiyo familia inayokaa chini ya mwembe na kukubaliana idadi ya ng'ombe ili "kumaliza jambo kindugu" haiwezi kuimaliza jinai kwa makubaliano hayo. Inachofanya ni kuongeza idadi ya watu wanaoweza kushtakiwa.

"Akipata mimba, shule basi"

Kauli hii ilikuwa msimamo rasmi. Mwezi Juni 2017 Rais wa wakati huo, John Magufuli, alitamka hadharani kwamba mwanafunzi aliyejifungua hatarudi katika shule ya serikali, na walimu wakuu wakafuata. Tarehe 24 Novemba 2021 Waziri wa Elimu, Profesa Joyce Ndalichako, alitangaza kuondolewa kwa zuio hilo, na Waraka wa Elimu Na. 2 wa mwaka 2021 ukaagiza wanafunzi waliokatiza masomo kwa sababu mbalimbali, ujauzito ukiwa mojawapo, waruhusiwe kurejea katika mfumo rasmi.

Wako wazazi wanaodhani kwamba ruhusa hiyo ni ya madarasa ya elimu ya watu wazima peke yake. Sivyo. Njia hiyo mbadala ipo kwa anayeipenda au anayeona umri umemtupa mkono, lakini mlango wa shule aliyokuwa akisoma nao uko wazi, na mwalimu mkuu anayemrudisha nyumbani mama huyo kijana anatekeleza agizo lililokwisha kufutwa. Kikwazo halisi cha sasa hakipo kwenye waraka. Kipo kwenye swali la nani atabaki na mtoto mchanga wakati mama yuko darasani, na hasa msimu wa tumbaku, ambapo bibi ambaye angelea mjukuu huwa shambani au kwenye bani, yaani banda la kukaushia tumbaku, tangu alfajiri.

"Ukienda ustawi, wanakuja kuchukua watoto"

Hofu hii huwafungia mlango hata wale wanaohitaji msaada zaidi: mjane aliyeshindwa kulisha, bibi anayelea wajukuu, mama anayepigwa. Inastahili kujibiwa kwa utaratibu wenyewe ulivyo.

Sheria ya Mtoto Na. 21 ya mwaka 2009 inamtambua mtoto kuwa mtu mwenye umri chini ya miaka 18, na inaipa halmashauri ya wilaya au mji wajibu wa kulinda na kuendeleza ustawi wa watoto walio katika eneo lake. Kifungu cha 95 kinamtaka mwanajamii yeyote mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinakiukwa, au kwamba mzazi au mlezi mwenye uwezo anakataa kumpa chakula, malazi, mavazi, matibabu au elimu, atoe taarifa kwa serikali ya mtaa ya eneo hilo. Ni wajibu, wala si umbea, na jirani anayeambiwa "mtoto si wako" anaweza kujibu kwamba sheria haikumuuliza mtoto ni wa nani.

Kinachofuata baada ya taarifa ndicho kisichojulikana. Hatua ya kwanza ya afisa ustawi ni kumwita anayelalamikiwa, kuzungumza naye na kutafuta uamuzi unaomfaa mtoto. Kesi nyingi za matunzo huishia hapo, kwa baba kukubali kiasi cha kutoa kila mwezi au kwa ukoo kugawana majukumu. Mhusika akikaidi, afisa hupeleka malalamiko mahakamani. Kumtenga mtoto na familia yake kwa muda mrefu ni jambo la amri ya mahakama, wala halimalizwi kwa sahihi ya afisa mmoja ofisini. Hata mtoto anapoondolewa kwa sababu ya hatari ya haraka, mahali pa kwanza panapotafutwa ni kwa ndugu au kwa familia ya kuaminika iliyoandaliwa kwa kazi hiyo, na makao ya watoto huwa ndiyo hatua ya mwisho.

Kinyume chake, wapo wanaoamini kwamba mtoto anaweza kuhamishwa kutoka ukoo mmoja kwenda mwingine kwa karatasi yenye muhuri wa mtendaji wa kijiji. Kumlea mtoto wa ndugu ni desturi yetu ya siku nyingi na hakuna anayeizuia, lakini kumwasili, yaani kumfanya awe wako kisheria pamoja na haki ya urithi, kunahitaji amri ya mahakama. Mgeni kutoka nje ya nchi anayetaka kuasili anabanwa zaidi: sheria inamtaka awe ameishi Tanzania kwa miaka mitatu mfululizo.

Kuhusu nani amwone nani: tangu Januari 2022 sera za ustawi wa jamii ziko chini ya Wizara ya Maendeleo ya Jamii, Jinsia, Wanawake na Makundi Maalum, iliyotenganishwa na Wizara ya Afya. Afisa anayekuhudumia, hata hivyo, bado ni mtumishi wa halmashauri yako, kwa hiyo huna sababu ya kufunga safari ya Dodoma. Asiyeweza kufika ofisini anaweza kupiga 116, namba ya Simu ya Mtoto, bila malipo, na mtoto mwenyewe anaruhusiwa kuipiga.

"Bila PF3 daktari haruhusiwi kukugusa"

Fomu ya polisi namba tatu ni hati ya upelelezi na ushahidi. Haikuwekwa iwe tiketi ya kuingilia wodini, na miongozo ya huduma kwa manusura wa ukatili wa kijinsia inataka matibabu ya dharura yatangulie, fomu ifuate. Kwa mtoto aliyebakwa, hesabu ya saa ndiyo muhimu kuliko karatasi: dawa za kuzuia maambukizi ya Virusi vya Ukimwi zinapaswa kuanza ndani ya saa 72, na mapema zaidi ndivyo bora zaidi. Familia inayotoka kijijini Ussoke au Kitunda ikaambiwa irudi kwanza kituo cha polisi inaweza kuupoteza muda huo wote barabarani. Mtoto asiogeshwe wala nguo zake zisifuliwe kabla ya kuonwa na mganga. Katika hospitali zenye kituo cha Mkono kwa Mkono, mganga, polisi wa Dawati la Jinsia na Watoto na afisa ustawi hupatikana mahali pamoja, na fomu hujazwa hapo hapo.

"Bima ya afya kwa wote maana yake matibabu bure"

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa na Bunge mwezi Novemba 2023, baada ya muswada wa awali wa mwaka 2022 kuzua ubishi na kuahirishwa. Ni mpango wa kuchangia. Mwajiriwa hukatwa mshahara na mwajiri wake huchangia, na mkulima wa alizeti au mfuga nyuki wa Sikonge hulipia kaya yake. Asiye na uwezo ndiye hulipiwa na Serikali, kupitia mfuko unaotegemea vyanzo kama kodi za vinywaji vyenye gesi, pombe na michezo ya kubahatisha. Utekelezaji umetangazwa kuwa wa awamu, kaya zisizo na uwezo zikitangulia.

Mkanganyiko hutokana na CHF iliyoboreshwa, yaani Mfuko wa Afya ya Jamii, ambayo kaya ya watu wasiozidi sita iliipata kwa shilingi 30,000 kwa mwaka. Wengi waliipima bima mpya kwa kiwango hicho wakaona wameibiwa. Ni haki kuuliza bei, lakini ulinganisho uzingatie pia aina ya huduma zinazolipiwa na ngazi ya hospitali inayoruhusiwa, kwa kuwa wengi walioishika kadi ya CHF wanajua ilivyokuwa kazi kuambiwa dawa iliyoandikwa haipo dirishani.

Msamaha wa zamani nao haukufutwa na sheria hiyo. Kwa mujibu wa Sera ya Afya ya mwaka 2007, wajawazito na watoto wa chini ya miaka mitano wanahudumiwa bila malipo katika vituo vya umma. Tofauti ipo kwa wazee, na hapa watu hukosea: anayesamehewa ni mwenye miaka 60 na kuendelea ambaye hana uwezo, akiwa ametambuliwa kuanzia kijijini au mtaani kwake. Mwenye pensheni nono haingii humo. Vivyo hivyo makazi ya wazee ya Ipuli yanapokea wasio na wa kuwatunza. Si mahali pa kumpeleka baba kwa sababu wanawe wamehamia Dar es Salaam.

"Yule wa kitongojini ni mtu wa kujitolea tu"

Mhudumu wa afya wa kitongojini alikuwa hivyo. Mpango jumuishi uliozinduliwa Januari 2024 unalenga wahudumu wa afya ngazi ya jamii 137,294 nchi nzima, wawili kwa kila kitongoji au mtaa, wanaopendekezwa na jamii yao, wanaopewa mafunzo rasmi na wanaolipwa posho. Kazi yao ni kutembelea kaya, kutoa elimu, kufuatilia mama na mtoto na kutoa rufaa mapema. Hawachukui nafasi ya zahanati, na anayewadai sindano anawaonea.

Mama anapopata dharura ya uzazi usiku, namba ya kupiga ni 115, ya mfumo wa m-mama, ambao ulianza kusambazwa kitaifa mwaka 2022. Simu ni bure na usafiri ni bure, kwa mjamzito, kwa aliyejifungua na kwa kichanga. Gari la wagonjwa lisipokuwepo karibu, anaitwa dereva wa jamii aliyesajiliwa na kulipwa na mfumo, kwa hiyo dereva huyo hapaswi kumdai mgonjwa nauli.

"Chanjo ya wasichana inafunga kizazi"

Chanjo ya HPV inakinga saratani ya mlango wa kizazi, na haigusi uwezo wa kuzaa. Ilianza kutolewa kitaifa mwaka 2018 kwa wasichana wa miaka 14, kwa dozi mbili. Tangu Aprili 2024 ni dozi moja tu, kwa wenye miaka 9 hadi 14, kwa hiyo mzazi anayesubiri kuitwa kwa dozi ya pili ya binti aliyechanjwa baada ya hapo asidhani kwamba amesahauliwa.